Sikukuu na orixá wa Candomblé ya Bahia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ifikapo tarehe 2 Februari, picha za watu waliovaa meupe wakipeleka maua baharini huko Salvador, Brazil, huzunguka kwenye simu zetu, na maswali hufuata. Mengi huulizwa kwa nia njema, mengine kwa hofu. Hapa nimejibu yale yanayojirudia. Katika majina utakayokutana nayo, herufi x isome kama sh: Oxum ni Oshum, Xangô ni Shango.

Candomblé ni nini, na ilianzaje?

Ni dini iliyojengwa Brazil, hasa Salvador na miji inayouzunguka mkoani Bahia, na Waafrika waliopelekwa huko utumwani pamoja na vizazi vyao. Takribani watu milioni 4.8 walishushwa Brazil kutoka Afrika kabla biashara hiyo haijakomeshwa miaka ya 1850. Hakuna nchi nyingine ya Amerika iliyopokea wengi kiasi hicho. Utumwa wenyewe ulifutwa tarehe 13 Mei 1888.

Sehemu kubwa ya watu hao walitoka Angola na Kongo. Wayoruba wa Nigeria na Benin ya leo waliingia Bahia kwa wingi kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, vita vilipoivunja dola ya Oyo, na Wafoni wa Dahomey nao walikuwemo. Hata upande wetu wa bahari haukusalimika: kuna waliopakiwa Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji, na wengi wao wakaishia Rio de Janeiro.

Jambo ninalotaka msomaji alishike mapema ni hili. Kule Uyorubani, kila orixá, nguvu ya kiroho inayohudumiwa kwa ibada, alikuwa na mji wake: Xangô alikuwa wa Oyo, Oxum wa Osogbo, Oxóssi wa Ketu. Aliyezaliwa Oyo hakuhitaji kumhudumia orixá wa mji wa mbali. Salvador, watu waliotenganishwa na ndugu zao walijikuta pamoja, kila mmoja na wake, wakawaweka wote chini ya paa moja. Ndiyo maana nyumba ya Candomblé (terreiro) ina mama au baba mkuu, ina watoto, ina kaka na dada. Wanaoingizwa katika dini kwa pamoja huitwa barco, chombo kimoja, na undugu wao hudumu maisha yote. Ukiielewa Candomblé kama ukoo uliokusanywa upya, sikukuu zake hazitakupa tabu kuzielewa.

Je, wanaabudu miungu mingi?

Wanamwamini Muumba mmoja, Olorum au Olodumare, ambaye hana sanamu wala hachezewi ngoma. Orixá ni nguvu zilizo karibu na watu: upepo, chuma, mto, bahari, maradhi na tiba yake. Kila mtu ana orixá anayemiliki kichwa chake, na hujulikana kwa kupiga bao la kauri 16, kazi inayofanywa na mkuu wa nyumba.

Orixá wakubwa ni akina nani?

Exu huanza daima. Ni wa njia panda, soko na ujumbe. Bila yeye hakuna neno linalofika kokote, kwa hiyo hula kabla ya wote. Wamisionari walimgeuza kuwa shetani na uongo huo umesafiri mbali mno. Katika nyumba za Candomblé hakuna anayemwona hivyo. Ni mjumbe mwerevu, mtundu, anayependa kuheshimiwa.

Ogum ni wa chuma na vita, na mafundi wa chuma na madereva humwomba. Oxóssi ni mwindaji, anayeleta riziki nyumbani. Ossain anamiliki majani yote ya dawa, na hakuna ibada inayofanyika bila majani. Xangô alikuwa mfalme wa Oyo: radi, haki, shoka la makali mawili. Chakula chake ni bamia zilizopikwa kwa mawese. Iansã, ambaye pia huitwa Oiá, ni upepo na tufani, mwanamke asiyeogopa wafu. Oxum ni wa maji baridi ya mito, dhahabu, uzazi na uzuri, na ana akili nyingi kuliko wanavyodhani wanaomtazama kioo chake tu. Iemanjá ni mama wa bahari. Nanã ni bibi mzee wa matope yaliyoumbiwa watu. Omolu ni wa ndui na maradhi ya ngozi, amefunikwa mwili mzima kwa majani makavu. Anayetuma ugonjwa ndiye anayeuondoa. Wa mwisho kuimbiwa ni Oxalá, mzee wa nguo nyeupe, baba wa wote.

Mbona sikukuu zao zinaangukia siku za watakatifu wa Kikatoliki?

Kwa sababu kwa muda mrefu hizo ndizo siku pekee watu weusi waliruhusiwa kukusanyika. Iansã alikaa nyuma ya Mtakatifu Barbara, Omolu nyuma ya Lazaro na Roko, Oxalá nyuma ya Bwana wa Bonfim, yaani Yesu. Baada ya vizazi kadhaa, wengi walizipenda njia zote mbili kwa dhati, na wapo mpaka leo wanaotoka misa asubuhi na kuingia terreiro usiku bila kuona tatizo lolote.

Wengine wamesema imetosha. Mwaka 1983 Mama Stella wa Oxóssi, mkuu wa nyumba ya Ilê Axé Opô Afonjá, pamoja na wakuu wenzake wanawake wa Salvador, walitoa tamko la hadharani: Iansã si Barbara, na dini yao haihitaji tena kujificha. Mimi nasimama upande wake, ingawa siwezi kumlaumu bibi anayewasha mshumaa kwa wote wawili. Mama Stella alifariki mwaka 2018 akiwa mwanachama wa Chuo cha Fasihi cha Bahia.

Sikukuu yenyewe hufanyika wapi, mitaani au ndani ya nyumba?

Kote. Zile za mitaani ndizo zinazopigwa picha, lakini moyo wa dini uko ndani. Usiku wa sherehe ya nyumba ya taifa la Ketu, yaani tawi lenye asili ya Kiyoruba, huenda hivi.

Kabla wageni hawajaingia, Exu ameshapewa chake, unga wa muhogo uliochanganywa na mawese, na ameombwa aache njia wazi. Kisha ngoma tatu zinaanza: rum kubwa inayozungumza, rumpi na lê zinazoishikilia, pamoja na kengele ya chuma, agogô. Wanawake wa nyumba huingia wakizunguka kwa mwendo wa pole, sketi zimejaa, shanga za rangi ya orixá wao shingoni. Wanaimbiwa orixá mmoja baada ya mwingine, kuanzia Ogum, katika mpangilio uitwao xirê.

Halafu mdundo unabadilika, na mmoja anayumba. Orixá wake amefika. Hapo mtazame ekedi, mwanamke ambaye yeye hapandiwi na orixá, na kazi yake ni kumhudumia aliyepandiwa: anamvua viatu, anamfunga kitambaa kifuani, anamfuta jasho usoni kwa taulo ndogo anayoibeba begani usiku kucha. Humfuta taratibu, kama mama anavyomfuta mtoto mwenye homa. Baadaye orixá hupelekwa ndani, akavalishwa, akarudi ukumbini: Oxum na kipepeo cha kujipepea cha shaba chenye kioo, Oxóssi na upinde, Omolu akiwa amefunikwa majani makavu mpaka magotini. Wanacheza hadithi zao macho yamefumbwa. Mwishoni huimbiwa Oxalá, kisha chakula hugawiwa kwa kila aliyekuja, mwenyeji na mgeni.

Sikukuu ya Iemanjá ya tarehe 2 Februari ina maana gani?

Hii ilianzishwa na wavuvi wa mtaa wa Rio Vermelho, Salvador, miaka ya 1920, samaki walipoadimika. Walimpelekea mama wa bahari zawadi, na hawajaacha tangu hapo.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, kwanza Oxum hupelekewa zawadi yake kwenye ziwa la Dique do Tororó, kwa kuwa maji ya mto hayarukwi ukaenda moja kwa moja baharini. Alfajiri foleni inaanza mbele ya nyumba ndogo ya Iemanjá iliyo kando ya chama cha wavuvi. Watu huleta maua meupe, manukato, sabuni, vitana, vioo na barua. Vyote hupangwa katika vikapu vikubwa. Alasiri mashua nyingi hutoka, ile yenye zawadi kuu ikiongoza, na vikapu hutoswa mbali na ufuo. Kikizama, amepokea, kikirudishwa na mawimbi, amekataa.

Miaka ya karibuni nyumba nyingi zimewasihi watu waache kutosa chupa na plastiki: manukato yamiminwe, chupa irudi nyumbani, kioo kibaki. Naona hilo ni sahihi kabisa, maana huwezi kumpa mama zawadi inayowaua watoto wake, na samaki ndio watoto wa Iemanjá.

Na ile ya kuosha ngazi za kanisa?

Hiyo ni Kuoshwa kwa Bonfim, Alhamisi moja ya Januari. Msafara huondoka kwenye kanisa la Conceição da Praia na kutembea takribani kilomita 8 hadi kilima cha Bonfim. Mbele wapo wanawake waitwao baiana, wamevaa meupe tupu, kila mmoja na mtungi wa maua na maji ya manukato kichwani. Wakifika, huosha ngazi na uwanja, na humwagia maji vichwani wanaotaka baraka. Milango ya kanisa huwa imefungwa, kwa kuwa viongozi wa Kanisa walikataza kuosha ndani tangu mwishoni mwa karne ya 19. Wanawake hao hawakuondoka, wakaosha palipobaki. Mwaka 2013 sikukuu hii iliandikishwa kuwa urithi wa taifa la Brazil.

Maji hayo yana kisa nyuma yake, na kisa hicho ndicho msingi wa ibada nyingine kubwa zaidi kiroho, Maji ya Oxalá. Oxalá akiwa mzee sana alitaka kwenda kumtembelea Xangô. Bao likasema asiende. Akishikilia, abebe nguo nyeupe za kubadilisha na asilalamike kwa lolote. Akashikilia. Njiani Exu alimwomba msaada mara tatu, na mara tatu akamchafua, kwa mawese, kwa makaa, kwa mafuta meusi ya kokwa za mchikichi. Mzee akaoga, akabadilisha, akanyamaza. Karibu na mji akamwona farasi ambaye yeye mwenyewe alimpa Xangô zamani, amepotea. Akamshika ili amrudishe. Walinzi wakadhani ni mwizi, wakampiga, wakamfunga miaka saba. Nchi ikakauka, wanawake wakawa hawazai. Xangô alipouliza bao aliambiwa kuna mzee asiye na hatia gerezani mwake. Alipomkuta, aliamuru watu wote wavae meupe, wachote maji kwa ukimya, wamwoshe.

Ndivyo zinavyofanya nyumba za kale mpaka leo: Ijumaa kabla ya mapambazuko, watu wa nyumba wote hushuka kwenye chemchemi na vyombo vyao, bila neno, hupanda na maji mara tatu. Katika siku hizo hakuna mawese wala chumvi kwenye chakula cha Oxalá. Mzee hula mahindi meupe yaliyochemshwa.

Sikukuu gani nyingine zinafaa kujulikana?

Tarehe 4 Desemba ni ya Iansã, na mitaa ya Pelourinho, mji mkongwe wa Salvador, hugeuka myekundu. Kikosi cha zimamoto kimo ndani yake, kwa kuwa Barbara ndiye msimamizi wao. Chakula cha Iansã ni acarajé, kunde zilizopondwa na kukaangwa kwenye mawese. Anayezijua bhajia za kunde za Zanzibar atautambua mkono. Wanawake wanaoziuza mitaani Salvador walianza wakitimiza wajibu kwa orixá wao, na kazi yao ilitambuliwa kuwa urithi wa taifa mwaka 2005.

Agosti ni mwezi wa Omolu. Katika karamu yake, Olubajé, vyakula vya orixá wengi huwekwa juu ya jani la mnyonyo na kuliwa kwa mkono. Chakula chake mwenyewe ni bisi. Husimuliwa kwamba katika sherehe moja kila mtu alimkwepa kwa sababu ya vidonda vyake, ila Iansã alimwendea akacheza naye. Upepo wake ukanyanyua yale majani makavu, vidonda vikaruka hewani vikawa bisi nyeupe. Kwenye kanisa la São Lázaro watu humwagiwa bisi mwilini siku za Jumatatu kuomba afya.

Septemba 27 ni ya mapacha, Ibeji. Hii naipenda kuliko zote. Hupikwa caruru, bamia zilizokatwa ndogondogo na mawese na dagaa kamba wakavu, na kabla mtu mzima yeyote hajala, watoto saba huketi chini kuzunguka beseni moja na kula kwa mikono, huku wakubwa wakiwaimbia.

Je, hii ni sawa na ngoma za pepo za pwani yetu?

Hazina asili moja, lakini mtu aliyewahi kukaa kilingeni Unguja au Tanga hatashangaa sana. Kwetu pia anayepandiwa huitwa kiti, kila pepo ana ngoma yake, rangi yake, chakula chake na manukato yake, na kibuki wa Zanzibar huja na lugha ya Bukini (Madagaska) walikotoka. Tofauti ninayoiona kubwa ni hii: kwetu mara nyingi safari huanza kwa ugonjwa, na jamaa hutafuta kumridhisha au kumtoa. Orixá hatolewi. Ni wako tangu kuzaliwa, na kuingizwa katika dini ni kumkalisha vizuri kichwani, kazi inayoweza kuchukua siku 21 za kukaa ndani, kisha wajibu mwingine mwaka wa kwanza, wa tatu na wa saba.

Kwa hiyo ni uchawi?

Hapana, na swali hili limewagharimu watu maisha yao. Sheria ya jinai ya Brazil ya mwaka 1890 iliadhibu uganga na "uchawi", na polisi walivamia nyumba, wakabeba ngoma na vifaa vitakatifu. Rio de Janeiro, zaidi ya vifaa 500 vilikaa mikononi mwa polisi mpaka mwaka 2020, vilipohamishiwa Makumbusho ya Jamhuri. Bahia, nyumba zililazimika kuomba kibali cha polisi ili zipige ngoma hadi mwaka 1976. Zilivumilia kwa ujasiri wa wanawake hasa: Casa Branca, ambayo mwaka 1984 ilikuwa terreiro ya kwanza kulindwa kama urithi wa taifa, Gantois iliyoongozwa na Mama Menininha kuanzia 1922 hadi alipofariki 1986, na Opô Afonjá iliyoanzishwa na Mama Aninha mwaka 1910.

Mateso hayajaisha. Tarehe 21 Januari 2000, Mama Gilda wa Salvador alifariki kwa maradhi ya moyo baada ya picha yake kuchapishwa gazetini akiitwa tapeli na nyumba yake kushambuliwa. Siku hiyo sasa ni siku ya kitaifa ya kupinga chuki za kidini. Anayeeneza maneno "hao ni washetani" kwenye kundi la WhatsApp huku kwetu ayajue haya kwanza.

Wanachinja wanyama?

Ndiyo, katika baadhi ya ibada. Sehemu hutolewa kwa orixá na nyama hupikwa ikaliwa na watu. Mahakama ya juu kabisa ya Brazil iliamua mwaka 2019 kwamba ni halali kikatiba.

Sisi Wabantu tumo?

Tumo sana. Candomblé ina "mataifa" yake: Ketu ya Wayoruba, Jeje ya Wafoni, na Angola, au Kongo-Angola, ambamo nyimbo ni za Kimbundu na Kikongo na ngoma hupigwa kwa viganja badala ya fimbo. Humo Muumba ni Nzambi. Walio karibu na watu huitwa inquice: Nkosi wa chuma, Matamba wa tufani, Nzazi wa radi, Kavungo wa maradhi, Lemba wa meupe, na Pambu Njila anayelinda njia. Kitembo, wa wakati na majira, hutambulishwa kwa bendera nyeupe kwenye mlingoti mrefu uani. Bate-Folha ya Salvador, iliyoanzishwa mwaka 1916, ni mojawapo ya nyumba zake mashuhuri. Waandishi wengi waliipa Ketu sifa zote na kuiona Angola kama iliyochanganyika na kupungua. Huo ulikuwa upofu, na wasomaji wa Kongo wanaposikia nyimbo hizo hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Umbanda ni kitu hichohicho?

Hapana. Umbanda ilikua karne ya 20 upande wa Rio de Janeiro, ikichanganya orixá, Ukatoliki, imani ya mizimu ya Kifaransa na roho za wenyeji asilia wa Brazil na za wazee watumwa. Wale wanaoruka mawimbi saba kwa nguo nyeupe kwenye ufuo wa Copacabana, Rio, usiku wa mwaka mpya wanafuata zaidi desturi iliyoenezwa na Umbanda. Sensa ya Brazil ya 2022 ilikuta wafuasi wa dini hizi kuwa asilimia 1.0, kutoka 0.3 mwaka 2010.

Mgeni anaweza kuhudhuria?

Sherehe za hadhara, ndiyo. Vaa nguo nyeupe au za rangi hafifu, zenye stara, epuka nyeusi. Nyumba nyingi huwakalisha wanawake upande mmoja na wanaume mwingine, basi ngoja uonyeshwe pa kukaa. Usipige picha bila ruhusa, na usiombe ruhusa ya kumpiga picha aliyepandiwa. Orixá akipita mbele yako, inuka na ufungue viganja. Ukiletewa sahani, kula, na ukishindwa kumaliza, mwulize mwenyeji cha kufanya kabla hujatupa chochote. Na panga safari yako vizuri: wakati wa Kwaresima nyumba nyingi hunyamazisha ngoma, utakuta milango imefungwa.